Mpiga Ngoma Aliyeshika Rangi

Mwaka 1953, katika mji wa London, kampuni ya Faber and Faber ilipiga chapa kitabu cha Hans Cory juu ya picha za ukutani zilizochorwa na wacheza nyoka wa Tanganyika. Na mwandishi huyo, mzaliwa wa Vienna aliyefika Afrika ya Mashariki katika zama za Wadachi, akayazoea maisha ya nchi hata serikali ya Waingereza ikamwajiri kuwa mchunguzi wake wa mila na sheria za wenyeji, aliwafunulia wasomaji wa mbali taswira ambazo hapo kabla hazikupata kutazamwa ila na watu waliokwisha kula kiapo. Taswira hizo zilikuwa za nyumba za Bayeye, chama cha waganga na wacheza nyoka kilichoenea katika nchi ya Wasukuma, toka mbuga za Shinyanga mpaka vilima vya Geita ng'ambo ya ghuba ya Mwanza. Mwaka huohuo Cory alitoa pia kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma, na hicho ndicho kilichofaa maofisini, maana mahakimu na mabwana shauri walikihitaji mezani kila siku. Kile cha picha hakikuwa na kesi ya kuamua, basi kikawa cha wapenzi wa sanaa na wa mambo ya kale.

Naanzia hapo kwa makusudi. Anapotajwa mchoraji wa mtindo wa kisasa aliyemchora mpiga ala kwa rangi za mafuta, fikira za watu waliosoma huvuka bahari upesi: humkumbuka Picasso na yule mzee wake mpiga gita wa mwaka 1903 na 1904, mwili umekunjana kwa umaskini na kila kitu ni buluu isipokuwa gita lenyewe, humkumbuka Braque, aliyemvunjavunja mwanamume mwenye gita mwaka 1911 na 1912 hata mtazamaji akabaki kutafuta nyuzi katika msitu wa pembe na mistari, humkumbuka Chagall, aliyempandisha mpiga fidla wa kijijini kwao juu ya mapaa ya nyumba. Hao ni mafundi, wala sina nia ya kuwapunguzia sifa zao hata kwa chembe. Lakini katika nchi ya Wasukuma suala la ala na picha lilikuwa limekwisha kupata jawabu la namna nyingine, tena bila ya turubai na bila ya mnunuzi: mpigaji hakungoja mtu wa kumchora, bali yeye mwenyewe, akiisha kuiweka ngoma chini, ndiye aliyeingia ndani akashika rangi.

Kuyafahamu hayo yataka kwanza kuwafahamu Bayeye. Katika nchi ya nyasi ndefu, ambamo moma hulala katika vumbi la njia bila kusogea hata akanyagwe, fira huingia katika makuti na manyasi ya paa kufuata panya, na chatu hungoja mbuzi na ndama karibu na lambo, elimu ya nyoka haikuwa mchezo wala ushirikina wa watu wavivu. Ilikuwa sehemu ya kilimo na ufugaji, na aliyekuwa nayo alihitajiwa na jirani zake kama ahitajiwavyo mkunga. Mwanafunzi aliyetaka kuingia chamani alitoa ada, akachanjwa, akanyweshwa dawa, akafundishwa mizizi na majani ya kupunguza ukali wa sumu, na namna ya kumshika nyoka nyuma ya kichwa bila ya kumuumiza wala kuumizwa naye; akapanda daraja kwa daraja, kila daraja na ada yake na siri yake. Kisha, wakati wa mavuno ulipokwisha na watu kuwa na nafasi na chakula ghalani, chama kilitoka hadharani na ngoma zake, na mafundi wakacheza na nyoka walio hai, chatu shingoni na kiunoni, ilhali halaiki inasogea kwa tamaa ya kuona na kurudi nyuma kwa hofu. Huo ndio upande wa Bayeye ambao kila mtu aliujua, na ambao hata leo hutangazwa katika sherehe za taifa. Upande wa pili ulikuwa ndani ya nyumba.

Nyumba ya mafunzo ilikuwa nyumba ya udongo kama nyumba nyingine, na aliyepita nje hakuwa na sababu ya kuistaajabia. Ndani kuta zilijaa. Nyoka warefu walipita ubavuni mwa ukuta wakipinda na kujikunja. Watu walisimama wakielekeza uso kwa mtazamaji, mikono imepanuliwa, vidole vimehesabika. Jua na mwezi vilikuwako, na wanyama, na waasisi wa chama, na viumbe wa masimulizi wasiopata kuonekana porini na mtu yeyote. Hapakuwa na kivuli, wala upeo wa macho, wala kitu cha mbali kuwa kidogo na cha karibu kuwa kikubwa. Kilichokuwa kikubwa kilikuwa kikubwa kwa sababu ya cheo chake. Rangi zilikuwa aghalabu nyeupe, nyekundu na nyeusi, nazo zilitoka chini ya nyayo za watu na katika majivu ya moto wao. Katika hili Msukuma alikuwa na elimu ya kutosha kabla hajawaza kuchora, kwa sababu mkulima wa huko ana jina la kila udongo: luseni ni ule mchanga mwepesi wa mwinuko, ikungu ni mwekundu, itogolo ni mgumu usiopitisha maji, ibushi ni wenye chokaa, na mbuga ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika; na mtu aliyezoea kuzisoma rangi hizo kwa ajili ya mtama na pamba haoni taabu kuzisoma kwa ajili ya ukuta.

Picha hizo hazikuchorwa ili zipambe. Zilikuwa masomo. Mkubwa wa chama alielekeza, mwanafunzi akajibu. Na kwa kuwa elimu ya chama ilihifadhiwa katika nyimbo, taswira isiyofuatana na wimbo wake ilikuwa nusu ya fundisho tu. Kwa hiyo mkono uliopaka udongo ukutani ulikuwa ni mkono uleule uliojua mapigo, na sauti iliyoeleza maana ya picha ilikuwa ni sauti ileile iliyoongoza kiitikio uwanjani. Mchoraji wa Paris alikuwa na mfano wake mbele yake, mtu mwingine aliyeajiriwa kukaa kimya na kushika gita ambalo pengine hakujua kulipiga. Muyeye hakuwa na mtu mwingine mbele yake.

Cory alipozihamishia picha hizo karatasini alizifanyia wema na dhara kwa pamoja. Wema ni dhahiri, maana ukuta wa udongo hauishi: mvua moja ya upepo yatosha kuubomoa, mchwa huula, mwenye nyumba hufa watu wakahama, na mwenye kuingia baada yake husiliba upya. Bila ya kitabu kile, taswira za vizazi vile zingekuwa zimerudi mavumbini bila ya kubakiza shahidi. Dhara ni kwamba kitabu hakiwezi kuimba, na msomaji wa London aliona nyoka na jua na mwezi akadhani ameona kazi yote. Naona hata sasa wanaoandika juu ya sanaa ya nchi hii huzitaja picha hizo katika mlango wa uchoraji na ngoma ya nyoka katika mlango wa muziki, nao ni watu walewale, usiku uleule, nyumba ileile.

Lakini Bayeye hawakuwa peke yao katika kuunganisha jicho na sikio. Ngoma kubwa za Wasukuma zimegawanyika tangu karne ya 19 katika mafungu mawili ya ushindani, Bagika na Bagalu, na masimulizi huyanasibisha mafungu hayo na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa nyimbo hata wafuasi wao wakawa kama watu wa dini mbili. Mashindano yao, yaliyofanywa na yanayofanywa bado baada ya mavuno, yapata mwezi wa Juni mpaka Agosti, yana kanuni ambayo sijui kama yapo mashindano mengine ya sanaa duniani yaliyo nayo kwa ukali kama huo: vikundi viwili hucheza katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hakuna anayemngoja mwenziwe, na mwamuzi ni halaiki, ambayo hukimbia toka upande huu hata upande ule kwa kadiri inavyovutwa. Aliyebaki na watu wengi ameshinda. Katika hali kama hiyo manju mwenye sauti nzuri tu hafiki mbali, kwa sababu sauti yake inafunikwa na ngoma za adui zake zilizo umbali wa hatua chache; hana budi kuwa kitu cha kutazamwa. Ndipo yalipozuka mavazi ya ajabu, na wanyama walio hai waliofundishwa, na mizungu ya kujificha na kutokea, na vinyago vya mbao vyenye viwiliwili virefu na mikono mirefu iliyochongwa bila kulainishwa, vingine vikiwa na viungo vya kuchezeshwa, vilivyotolewa ghafula katikati ya uwanja wakati kundi la pili linapoanza kupata watu.

Baadhi ya vinyago hivyo viko leo katika makabati ya vioo ya Ulaya, vimesimamishwa wima juu ya vigingi vya chuma, navyo husifiwa kwa unyofu wa umbo lao na ukali wa mistari yao, sifa zilezile walizozitoa wasanii wa Paris mwanzoni mwa karne ya 20 walipoanza kukusanya michongo ya Afrika, wakajifunza kwayo namna ya kuuvunja uso wa mtu na kuujenga tena. Sifa hizo ni za kweli. Ila aliyekichonga kinyago cha Bagika hakukusudia kitazamwe kwa utulivu na mtu aliyefunga mikono nyuma. Alikichonga kitazamwe kwa nukta chache, kwa mbali, katika vumbi na jua la saa tisa, na mtu anayekimbia. Ukali wa mistari ulitokana na haja hiyo. Ukitaka kuelewa kwa nini mdomo ni tundu moja na macho ni matundu mawili bila ya nakshi yoyote, usiulize kanuni za urembo, uliza umbali wa kiwanja.

Ziko ala nyingine, kimya kuliko hizo, ambazo hazikuwa na haja na halaiki. Lipo zeze, na upo upinde wenye buyu uitwao ndono, ambao mpigaji huushikiza kifuani, akaligusisha buyu na mwili wake na kuliachanisha tena, na kwa mwendo huo mdogo sauti hufunga na kufunguka. Na upande wa magharibi, Geita inakokaribiana na nchi ya Wazinza na ya Wahaya, ipo nanga, ubao uliochimbwa kama chano ambao uzi wake mmoja wa mshipa hupitishwa huku na huko hata ukafanya nyuzi nyingi, nayo ilikuwa ala ya watu waliosimulia habari za wafalme usiku kucha. Mpiga ngoma huita jicho; mpiga zeze hulikimbia. Hukaa, huinama, hulaza shavu karibu na buyu, na sura yake huonekana kama sura ya mtu anayesikiliza habari mbaya. Si ajabu kwamba wachoraji wa turubai, Ulaya na kwetu, wamempenda zaidi huyu kuliko yule. Turubai nayo hutaka mtu aliyekaa. Lakini pendo hilo limeleta upotofu mmoja katika macho ya watu wa mijini, kwa maana limewafanya wadhani kuwa muziki wa shamba ni muziki wa huzuni na upweke, ilhali katika nchi ya Wasukuma muziki ulikuwa, kwa sehemu yake kubwa, kazi ya wengi, na kazi yenyewe ilikuwa nzito.

Hapa ndipo jambo linapokuwa na utajiri, na nitakaa nalo kidogo. Nyimbo za Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi na Wasumbwa zilifuata kazi. Walikuwako wapagazi, waliokwenda pwani hata Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, na wengine waliokwenda magharibi hata Katanga, ambako Msiri, mtu wa Busumbwa, alijitwalia ufalme mkubwa uliodumu hata alipouawa mwaka 1891. Walikuwako Bayege, wawinda ndovu. Walikuwako wakulima wa bugobogobo, ambao huingia shambani kwa safu, majembe yakapanda na kushuka kwa pigo moja la ngoma, na fundi miongoni mwao akalirusha jembe juu, likazunguka hewani, akalidaka bila ya kupoteza pigo. Na walikuwako Banunguli, wawinda nungunungu. Hawa wa mwisho wana habari ya pekee. Nungunungu huharibu mazao usiku na mchana hujificha shimoni, na Banunguli walimfuata mumo humo, mtu akatambaa kwa tumbo gizani na kijinga cha moto na mkuki, asijue mbele kama atakutana na miiba au na nyoka au na udongo unaoporomoka, ilhali wenziwe nje wanaimba. Wimbo ulikuwa kamba iliyomshika.

Nchi iliyokuwa na watu wa namna hiyo ilikuwa, pasipo kujua, imekwisha kufanya mazoezi ya uchimbaji. Mwaka 1940 John Williamson, Mkanada, aligundua almasi Mwadui karibu na mji wa Shinyanga; na kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, mgodi wa dhahabu ulikuwa umefunguliwa Geita, ukawa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Tanganyika hata ulipofungwa mwaka 1966. Vijana waliondoka katika vijiji vyenye msongamano wa watu na ng'ombe wakaenda kuajiriwa huko, na baada ya vita vya pili vya dunia serikali nayo, katika mpango wake wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, ikafyeka vichaka vya ndorobo na kuwahimiza watu wavuke ghuba wakafungue mashamba mapya ya Geita. Waliovuka walivuka na vyama vyao. Bagika na Bagalu walikuwa upande wa pili wa maji kabla pamba ya kwanza haijafika kiwandani. Na mgodi mkubwa ulipofungwa, wachimbaji wadogo hawakukoma. Wakaendelea kushuka katika mashimo yaitwayo maduara, yaliyoshikizwa kwa matimba ya miti, na wanaendelea hata leo, pembeni ya mgodi mpya uliofunguliwa mwaka 2000, kama wanavyoendelea katika machimbo ya Kahama na Bukombe.

Yuko mchoraji mmoja wa Afrika aliyeiona picha iliyomo katika mambo haya, lakini hakuwa wa kwetu. Gerard Sekoto wa Afrika Kusini, kati ya 1946 na 1947, alichora kwa rangi za mafuta safu ya wafanyakazi walioinua sululu kwa pamoja, miguu imepanuliwa, migongo imepinda mpindo mmoja, na mbele yao msimamizi Mzungu mwembamba na kiko chake, mkono mfukoni. Akaiita picha hiyo Wimbo wa Sululu. Hapana ala katika picha ile. Hapana hata kinywa kilichofunguka kwa namna ya kuonyesha kuimba. Lakini kila aitazamaye safu ile husikia, kwa kuwa sululu haziwezi kupanda pamoja bila ya wimbo, na msimamizi, aliye nje ya wimbo, ndiye mdogo kuliko wote katika picha ijapokuwa ndiye mwenye amri. Sekoto alikwenda Paris mwaka 1947, na miaka ya kwanza alijitafutia riziki kwa kupiga kinanda usiku katika baa. Kwa hiyo naye alikuwa mpigaji aliyeshika rangi, na naamini ndiyo sababu hakuhitaji kuchora ala ili achore muziki. Safu ya bugobogobo katika shamba la pamba la Shinyanga ilikuwa na kila kitu alichokitumia Sekoto, isipokuwa rangi za mafuta na msimamizi mwenye kiko. Na huyo wa pili, katika mashamba ya kulazimishwa ya zama zile, hakukosekana kabisa.

Rangi za mafuta zilichelewa kwa sababu zilikuja kwa njia ya shule, na shule ya sanaa ilikuwa mbali. Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya uchoraji Makerere katika miaka ya 1930, na mtu wa Tanganyika aliyetokea humo kwa sifa kubwa, Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alikwenda baadaye kusoma Slade School mjini London, na baada ya uhuru akawa balozi wa nchi yake katika mji huohuo. Ntiro alichora Uchaga: migomba, mifereji, watu wengi wadogo wadogo wakifanya kazi pamoja, miili yao bapa bila ya kivuli, mlima nyuma yao. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Museum of Modern Art ya New York. Wako waliomlaumu kwamba miaka yake ya London haikumfundisha kuchora misuli ya binadamu, nami naiona lawama hiyo kuwa haina uzito, kwa sababu mtu aliyekusudia kuchora umoja wa kijiji hana haja na misuli ya mmoja wao. Dar es Salaam nako, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hata kifo chake mwaka 1972, Edward Saidi Tingatinga alichora wanyama na ndege juu ya mbao za dari kwa rangi za kupakia baiskeli. Usukuma, pamoja na wingi wa watu wake na wingi wa ngoma zake, haukutoa Ntiro wala Tingatinga. Watu wake wenye jicho walikuwa tayari na kazi, nayo ilikuwa kazi ya chama.

Tofauti ya rangi yenyewe nayo si ndogo. Mafuta ya kitani yanayochanganywa na unga wa rangi hayakauki kama maji yanavyokauka. Hayapotei hewani, bali hunywa hewa, yakagandamana polepole kwa siku na majuma, na kwa muda wote huo mchoraji anaweza kurudi, akafuta, akahamisha mkono wa mpigaji kidole kimoja juu au chini, akajuta, akaanza tena. Udongo hauruhusu majuto. Ukigusa ukuta mkavu umekwisha kunywewa, na kosa hubaki kosa au hugeuzwa kuwa jambo jingine. Mpigaji wa ala anaijua hali hiyo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa pigo likishatoka halirudishwi ngomani, na fundi hupimwa kwa namna anavyolibeba pigo lililokosewa hata likaonekana kuwa lilikusudiwa. Nadhani kuta za Bayeye zilikuwa na uhodari huo wa upigaji kuliko uhodari wa uchoraji kama tunavyoufundisha shuleni.

Katika miaka ya 1950 padri David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, alianza kukusanya vitu vya Wasukuma katika misheni ya Bujora, karibu na Kisesa upande wa Mwanza, akajenga kanisa lenye umbo la duara kwa kufuata nyumba za kale, na mkusanyo wake ukawa makumbusho ambayo yangaliko. Ngoma za watemi zimo humo, na mavazi ya wachezaji, na vyombo vya vyama vya nyoka na vya nungunungu. Padri huyo alikuwa mwerevu kwa jambo moja wasilokuwa nalo wakusanyaji wengi: pamoja na makumbusho aliendeleza sikukuu ya Bulabo, inayofuata sikukuu ya Ekaristi, ambamo vikundi huja kushindana kila mwaka, ili vitu visibaki peke yao bila ya mikono. Utemi ulifutwa na serikali mwaka 1963, na mwaka mmoja kabla yake Nyerere alikuwa ameunda wizara ya utamaduni na kusema kwa uchungu jinsi wasomi walivyoaibishwa kuzipenda ngoma zao. Bugobogobo ikaingia katika viwanja vya sherehe, majembe yakarushwa mbele ya mabalozi. Ngoma ziliokoka hivyo. Kuta hazikupata wizara. Haiwezekani kuubeba ukuta wa nyumba ya siri ukaupeleka uwanjani, wala haiwezekani kuufungua bila ya kuuharibu ule mpango wa kiapo na ada uliouzaa.

Basi anayetaka leo kuiona picha ya rangi za mafuta ya mpigaji katika ukanda huu wa dhahabu asiende kuitafuta katika majumba ya maonyesho, kwa kuwa majumba hayo hayako huko. Na aende Kahama, au Katoro, au Masumbwe, aangalie mbele ya baa na vinyozi na maduka ya kurekodia, ambako mchora mabango, aghalabu kijana aliyejifunza kwa kumshikia fundi mwingine kopo, hupaka kwa rangi ya mafuta iliyonunuliwa katika duka la vifaa vya ujenzi sura ya mwimbaji wa nyimbo za Kisukuma na kipaza sauti chake, au gita, au mcheza ngoma na chatu shingoni. Sura hizo hutazama mbele, mikono imepanuliwa, hazina kivuli, na kichwa ni kikubwa kupita kiwiliwili kwa sababu mwenye baa amelipia kichwa. Wasomi huzipita bila ya kugeuka. Mchoraji hulipwa kwa ukuta mmoja kiasi kisichomtosha kodi ya mwezi, hutia jina lake na namba ya simu kwa herufi kubwa chini ya mguu wa mwimbaji, na baa ikiuzwa, mwenyeji mpya humwita yeye huyohuyo apake rangi nyeupe juu ya yote na kuanza mwimbaji mwingine aliyetokea mwaka huo.